Maulizo yenu: roboti, tokeni na umeme wa kukatika-katika

Mwezi uliopita tuliandika mistari kidogo tu juu ya ginsi mutu anaweza kufanya programu (tunaiita roboti) ijibu mesaji pa fasi yake, na barua zikaanza kumiminika, Kadutu, Bagira, Goma, Uvira, mpaka moja ya Idjwi. Nyingi zinauliza kitu kimoja: nichukue biblioteki gani? Kwa wenye hawajazoea hili neno, biblioteki ni kode ambayo batu bengine bamekwisha kuandika, wewe unaiita ndani ya programu yako na yenyewe njo inaongea na Telegram ao WhatsApp, huna haja ya kujua kila kitu chenye kinapita huko chini. Majina nimeondoa, barua ndefu nimezikata, na kuna mumoja nimemukatia tokeni yake pia (ufunguo wa siri wa roboti), ataelewa akifika ku barua yake.

Jambo mukubwa. Niko na farmasi kidogo karibu na soko ya Nyawera. Batu banatuma WhatsApp siku nzima, dawa fulani iko? bei ngapi? munafunga saa ngapi? na mimi saa ine ya usiku ningali najibu. Mutoto wa dada yangu anasoma informatike, anasema kuko biblioteki ya bure inaitwa Baileys, unaskani ile kode ya mraba mara moja na simu inaanza kujibu yenyewe. Nikubali? — Mama wa farmasi, Nyawera

Mama, mutoto hasemi uongo, ile biblioteki iko na batu wengi wanaitumia. Lakini mbele ya kukubali umuulize: inaingia WhatsApp kwa ruhusa ya nani? Juu Baileys, na ndugu yake whatsapp-web.js, zinajifanya kama ni mashini yako ambayo umeunganisha na simu, vile unafunguaka WhatsApp Web mu biro. WhatsApp inaona "kifaa kilichounganishwa", kumbe nyuma hakuna mutu. Wenye WhatsApp hawakutoa hizo biblioteki na sheria zao zinakataza kutumia WhatsApp kwa njia ya otomatiki yenye hawakuruhusu, kwa hiyo siku yoyote banaweza kufunga nimero. Na nimero yenyewe ni ile bakiliya wako bote bako nayo mu simu, ile umeandika ku mlango wa farmasi na ku mifuko ya dawa. Ikifungwa, M-Pesa itaendelea kutumika kwani hiyo ni kazi ya laini, ila WhatsApp yako na mazungumzo yote ya bakiliya itakuwa imeenda. Mimi nimero ya biashara siwezi kuichezea hivyo, basi.

Njia ya ruhusa ku WhatsApp iko, inaitwa Cloud API, Meta, wenye WhatsApp, walifungulia kila mutu mu 2022. Hiyo inaenda hivi: mukiliya akikuandikia, uko na masaa 24 ya kumujibu vile unapenda na hayo majibu hulipi. Masaa 24 yakipita, huwezi kumuandikia chochote isipokuwa mesaji ya mfano ambayo Meta iliisoma na kuikubali mbele, na hiyo inalipiwa. Kwa farmasi hiyo sheria haisumbue sana kwani bakiliya njo wanaanza kuuliza. Taabu iko fasi ingine: kupokea mesaji ya Cloud API lazima uwe na adresi yako ku intaneti, ya https, yenye inaamka saa zote, Meta inakuja kugonga pale kila mara mukiliya ameandika. Mu nyumba ya Bukavu, ku modemu ya mega, hiyo adresi huna. Itabidi kukodi seva inje, yaani mashini ya wengine yenye inawaka saa zote.

Njo maana kwa kuanza ningekuambia Telegram. Najua, utasema bakiliya wako hawako Telegram, bako WhatsApp. Ni kweli kwa wengi. Lakini weka karatasi ku kontuari kwa mwezi mumoja, uone ni wangapi wanakubali, juu Telegram yenyewe iliruhusu roboti tangu 2015, ni bure, hakuna kufungiwa kwa sababu ya kutumia roboti, na haina haja ya nimero ya simu, roboti inakuwa na jina lake tu. Iko na kasoro moja ya kujua mapema: roboti haiwezi kuanza kuandikia mutu. Lazima mukiliya afungue na abonyeze Start kwanza. Kwa hiyo usiote kutuma promosio ya vitamini kwa Bukavu nzima.

Halafu Mama, mimi naomba kitu: roboti ijibu bei na masaa tu. Mutu akiandika "mutoto ana homa nimupe nini", iseme "pita farmasi ao piga simu". Hiyo uiache ku kichwa chako na diplomu yako.

Mukubwa, niko G3 (mwaka wa tatu ya iniversite), TFC yangu (kazi ya kumaliza masomo) ni roboti ya Telegram ya kupanga rendez-vous ku kituo cha afya. Nimefuata video ya YouTube neno kwa neno, mashini inakataa, inalalamika juu ya use_context, nikifuta hiyo inasema kitu kingine juu ya Dispatcher. Directeur anataka kuona démo wiki ijayo. Nakutumia kode yote. — Mwanafunzi, Panzi

Kwanza, kaka, umenitumia kode yote kweli, na tokeni ndani, ile nimero ndefu yenye nukta mbili katikati. Mwenye kuwa na tokeni njo mwenye kuwa na roboti, anaisoma mesaji zote, anajibu kwa jina lake, na kwa TFC yako hizo ni mesaji za bagonjwa. Enda sasa hivi kwa BotFather, ile roboti ya Telegram yenyewe yenye inatengeneza roboti zingine, andika /revoke, chagua roboti yako, atakupa tokeni mupya na ile ya zamani itakufa. Mupya usiiandike ndani ya kode, iweke mu faili yake pembeni na programu iisome pale, hiyo faili usiitume kwa directeur wala kwa grupu ya promosio.

Sasa kosa lako. Wewe hukukosea kitu, ni video ndio imezeeka. Biblioteki yenyewe ni python-telegram-bot, ya lugha ya Python, na mwanzo wa 2023 toleo ya 20 ilitoka, ikageuza karibu kila kitu: ile Updater yenye use_context ya zamani haiko, Dispatcher haiundwi tena vile, sasa unaanza na Application, na kila kazi yako ya kujibu mesaji inaandikwa na async mbele na await ndani. Video nyingi zenye zinatembea mu simu za banafunzi ni za mbele ya hapo. Uko na njia mbili. Ya haraka ni kuinstale toleo ya 13 yenye video inatumia, démo inaweza kupita, lakini kama mu jury kuko mutu anafuata haya mambo atakuuliza kwa nini uko ku toleo ya zamani na utajikuna kichwa. Ya pili ni kuandika upya na toleo ya sasa. Kode yako ina kazi sita tu za kujibu, mimi naona siku mbili inatosha, na mifano iliyo pamoja na biblioteki yenyewe ni mizuri kuliko video yoyote. Ukisahau await utaona onyo inasema coroutine (ile kazi yenye async) haijangojewa, na roboti itanyamaza tu bila kuanguka, hiyo njo inachanganyaka batu sana kwani inaonekana kama rezo ndio mubaya.

Kitu kingine, mu orodha ya vitu umeinstale naona "telegram" peke yake na pia python-telegram-bot. Ile ya kwanza ni kitu kingine kabisa, majina tu yanafanana, na zinagombana fasi. Ondoa zote mbili, kisha rudisha python-telegram-bot peke yake. Ndani ya kode utaendelea kuandika import telegram, ndiyo, najua, si mimi niliyechagua hayo majina.

Na kwa jury, usiseme "biblioteki inafanya yote". Watakuuliza inafanya nini. Useme hivi: roboti inaita adresi ya Telegram kwa https, inauliza getUpdates, yaani kuko mapya? Telegram inashika hiyo simu wazi kwa sekunde kadhaa mpaka kitu kije, halafu inajibu na orodha. Kila kitu mu orodha kiko na nimero, na roboti ikimaliza inauliza tena na offset ya nimero ya mwisho kuongeza moja, hapo njo Telegram inajua zile za nyuma umezipokea na inazifuta. Ukiyaeleza hayo bila kusoma karatasi, utakuwa umeshinda nusu ya salle.

Tuko bandugu babili Bagira, roboti yetu inajibu mara moja, inanyamaza mara mbili, na mu skrini kunakuja 409 Conflict. Mashini ya yaya ni mupya, yangu ni ya zamani. Ni mashini yangu?

Mashini yako iko sawa. Munaifungua mu mashini zote mbili na tokeni moja, sivyo? Telegram inakubali mutu mumoja tu kuuliza getUpdates, wa pili akifika wa kwanza anafukuzwa, naye anarudi anamufukuza mwenziwe, mutashinda hivyo siku nzima. Mumoja azime. Kama munataka kufanya majaribio mu mashini mbili, muombe BotFather roboti ya pili ya kuchezea, ni bure.

Na kama yaya anasema "mimi nilizima", mufungue orodha ya programu zenye zinatembea. Kufunga dirisha na kuzima programu si kitu kimoja.

Bwana mutunzi, roboti yangu ya magazin (nauza simu na vifaa Kadutu) iko ku laptop. Umeme ukikatika batri inashika masaa mawili, kisha kwisha. Juzi tulikaa siku mbili giza, umeme umerudi, roboti ikaanza kujibu batu bote kwa mpigo, mutu aliuliza bei ya chaja juzi asubuhi anajibiwa saa nane usiku, wengine waliniandikia matusi. Na wengine hawakujibiwa kabisa. Kwa nini wengine ndiyo wengine hapana? — Papa wa magazin, Kadutu

Papa, hapa njo biblioteki na Bukavu zinakutana. Telegram inashika mesaji zenye roboti haijazichukua, lakini masaa 24 tu. Kwa siku zako mbili za giza, zile za siku ya kwanza zilikwisha kupotea, za siku ya pili zilikuwa zinangoja, umeme umerudi roboti ikauliza "kuko mapya?" ikapewa mufuko muzima. Haikukosea, ilifanya kazi yake kwa uaminifu wa ajabu.

Dawa ya kujibu saa nane usiku ni ndogo: mu biblioteki nyingi kuko chaguo inaitwa drop_pending_updates, ukiwasha roboti inatupa vyote vilivyongoja na kuanza safi. Lakini kwa magazin mimi singetupa, kwani mule ndani kuko bakiliya. Kila mesaji inakuja na saa yake ya kutumwa, basi programu iangalie: kama imepita masaa matatu, isijibu bei, iandike mu faili "fulani aliuliza chaja", na asubuhi wewe mwenyewe umujibu kwa mukono na neno la kuomba radhi juu ya umeme. Bote banajua umeme wetu, watakuelewa.

Batu wengine watakuambia acha kuuliza-uliza, tumia webhuku, Telegram ikutumie yenyewe. Tofauti ni kama maji: kuuliza ni kuchukua bidon na kwenda ku robinet mwenyewe, webhuku ni kuletewa maji nyumbani, na mwenye kuleta lazima ajue mlango wako na aukute wazi. Telegram inataka adresi ya https na inakubali kugonga ku milango mine tu, 443, 80, 88 na 8443. Intaneti ya mega yenye tunanunua, wewe na jirani zako wengi munatoka inje ku adresi moja ya kampuni ya simu, hakuna ginsi mutu wa inje atagonga afike ku laptop yako. Ndiyo maana kwa mutu wa Kadutu mwenye laptop na modemu, kuuliza njo njia, na usione haya eti ni ya banaoanza. Tena rezo ikikatika dakika kumi haidhuru, ikirudi roboti inauliza tena na inapewa.

Sasa umeme. Seva ya kukodi inje iko, kwa dola chache kwa mwezi, kama uko na karte ya banki ya kulipia ku intaneti. Kama huna, wewe unauza simu, Papa! Chukua Android moja ya zamani yenye kioo kimepasuka, ile hakuna mutu atanunua, weka Termux ndani, programu ya kuandika amri za Linux mu simu (ichukue kwa F-Droid, duka ya bure ya programu, si ile ya Play Store), instale Python na biblioteki yako, na roboti itatembea mule. Simu iko na batri yake, inakula umeme kidogo sana, inachajiwa hata ku panneau ndogo ya jua, na iko na laini yake ya mega. Uandike termux-wake-lock ili isilale, na mu parametere za batri uambie Android isiiguse Termux. Na hapa simu ya zamani inashinda mupya kweli: kuanzia Android 12 mfumo uko na tabia ya kuua programu ndogo-ndogo zinazotembea chini-chini, na Termux inapigwaka sana hapo. Android 8 ao 9 haina hiyo taabu. Uweke pia kascripti kadogo kakuiwasha tena kama imeanguka, kwani simu ikiwaka mbele rezo haijafika, programu inaweza kulia na kuacha.

Mega? Usiogope. Maandishi ni kitu kidogo, picha za simu zako njo zitakula. Picha ukiisha kuituma mara moja, Telegram inakupa kitambulisho chake, file_id, mara ya pili roboti inatuma hicho kitambulisho tu, picha hairudi kupanda kutoka kwako. Batu wengi hawajui hiyo, wanapandisha picha moja mara mia.

Roboti ya korali yetu inakumbusha repetisio kila siku ya tatu saa kumi na mbili ya jioni. Niliandika 18:00. Inakumbusha saa mbili ya usiku, tumekwisha kurudi nyumbani. Saa ya mashini iko juste.

Ndiyo, saa ya mashini iko juste, lakini biblioteki haimuulizi yeye. JobQueue ya python-telegram-bot, sehemu yake ya kupanga kazi kwa saa, usipoiambia uko wapi, inahesabu kwa saa ya UTC, saa ya msingi ya dunia, na sisi huku mashariki tuko masaa mawili mbele. Uiambie eneo lako. Usitafute Bukavu mu orodha, haiko, andika Africa/Lubumbashi. Ukiandika Africa/Kinshasa utakuwa na kosa la saa moja, na hilo ni baya kuliko la masaa mawili juu litawachanganya baimbaji bila mutu kujua kwa nini.

Na mu grupu, kama roboti haioni mesaji za batu, isipokuwa zenye zinaanza na mukato wa /, haijaharibika. Ni siri yenye Telegram inaweka mwanzo. Unaweza kuitoa kwa BotFather na /setprivacy kisha unaiondoa roboti mu grupu na kuirudisha, lakini korali inahitaji nini roboti isome masengenyo ya soprano? Iache.

Niko Goma, nafanya marketing digital. Nataka biblioteki ya kuingia mu grupu kubwa-kubwa za Telegram, ichukue bamembre bote, kisha itumie kila mumoja tangazo ya bakiliya wangu mu inbox. Nimesikia Telethon inaweza. Nipe kode, nitalipa.

Telethon ni biblioteki nzuri sana, na haihusiki na hiyo kazi. Hiyo haina lazima ya roboti, inaingia kama wewe mwenyewe, na nimero yako ya simu, kwa api_id na api_hash zenye unapewa ku my.telegram.org. Inaona kila kitu unaona. Ni nzuri kwa kuhifadhi mazungumzo ya zamani ya grupu yako, kutafuta faili ya miaka mitatu, kupanga kumbukumbu za asosiasio.

Telegram yenyewe imeandika wazi kwamba konti zenye zinaingia kwa programu zisizo zake zinawekwa chini ya macho. Ukianza kuandikia batu hawakujui, mwanzo utaona FloodWait, yaani ngoja sekunde kadhaa, kisha PeerFlood, na hapo huwezi tena kuandikia mutu asiye na nimero yako, kisha konti kwisha. Na wale batu hawakuomba. Kode sitakupa, pesa yako iache ku mufuko.

Nilifanya kazi na Telethon mu cyber, nikaingiza nimero na ile kode ya sms, ikaenda vizuri, nikafunga nikaenda. Rafiki ananiambia ni hatari. Lakini nilifunga! — Dada wa Muhungu

Rafiki yako asante kwake. Mara ya kwanza ukiingia, Telethon inaandika faili yenye mwisho wa .session mu dosie ya programu, na ndani yake kuko ufunguo wa konti yako. Mwenye kuikopi ku klé USB anaingia bila sms, bila kukuuliza kitu, hata leo, hata mwezi ujao. Kubadilisha neno la siri peke yake usitegemee. Shika simu yako, fungua Telegram, Parametere, Vifaa, utaona kuko kifaa chenye huna mukononi, maliza hicho. Dakika moja. Fanya mbele ya kumaliza kusoma hii paji.

Wa WhatsApp pia muangalie mule mule, "vifaa vilivyounganishwa", havipite vine. Wengine mutakuta cyber ya mwaka jana ingali imeandikwa pale, ijapokuwa simu isipotumika siku 14 hivyo vifaa vinatoka vyenyewe.

Biro yetu iko na programu ya zamani, mutu aliyeiandika alienda Ulaya. Ilikuwa inatuma alerti kwa Skype kila mara stoki ya dawa inashuka. Imeacha, ila hesabu ya stoki ingali inashuka na kupanda vizuri. Ndani naona Skype4Py. Nirekebishe wapi?

Hakuna fasi ya kurekebisha, mwalimu. Skype4Py haikuwa inaongea na Skype ku intaneti, ilikuwa inaamuru programu ya Skype yenye imefunguliwa mu mashini ile ile, sawa mutu mwingine ameketi ku klavie. Microsoft ilianza kuziba huo mlango mwisho wa 2013, na Skype yenyewe imefungwa tarehe 5 mwezi wa tano 2025. Kama yenu ilidumu mpaka juzi kwa toleo ya zamani, huyo mutu wa Ulaya anastahili bia.

Lakini kazi ya kuhesabu stoki bado ni nzima, umesema yenyewe inashuka na kupanda vizuri. Tafuta ule mustari mumoja wenye unatuma mesaji, utoe, uweke kuita sendMessage ya Telegram, hata biblioteki huna haja, ni adresi moja ya https na vitu viwili: chat_id (nimero ya mutu ao grupu yenye unaandikia) na maandishi. Maandishi yasipite herufi 4096. Kama biro haitaki Telegram kwa sababu ya siri za bagonjwa, kuko signal-cli ya Signal, nayo si ya wenye Signal wenyewe lakini inatumika vizuri, ila iko na kazi zaidi kuiweka na lazima iwe na nimero ya simu.

Kitu cha mwisho ku chat_id, juu naona munataka kutuma mu grupu ya biro. Grupu ndogo ya Telegram ikikua ao mukibadilisha mambo fulani mu parametere zake, inageuka supergrupu na nimero yake inabadilika, mupya inaanza na -100. Siku hiyo alerti zitaacha tena na mutafikiri ni laana ya Skype. Telegram inatuma nimero mupya ndani ya jibu la kosa, mu migrate_to_chat_id, basi programu iisome na iiandike pa fasi ya ile ya zamani. Na hiyo nimero iweke mu faili ya parametere pamoja na tokeni, mutu mwingine wa biro akienda Ulaya, atakayebaki ajue fasi ya kuigusa.